Shajara ya mradi: Mfalme wa Jazz kwa Kiswahili, toleo la Morogoro

Jumamosi, Januari 3, 2026

Naanza kuandika mapema ili nisije nikapotea, maana mradi uliopita ule wa kusafisha kanda za harusi za zamani za mtaani ulinifia mkononi, hakuna aliyekuwa anajua tumefika wapi, hata mimi mwenyewe.

Mradi wenyewe ni hivi. Kuna filamu inaitwa King of Jazz, ya Universal, Hollywood, imetoka 1930 na yote ni ya rangi. Tangu juzi Januari mosi filamu za Marekani zilizotoka mwaka 1930 zimekuwa mali ya umma kule kwao, miaka 95 imeisha, kwaiyo naweza kuikata, kuiunga na kuiwekea maneno yangu bila kumpigia mtu magoti. Nataka niitoe kwa Kiswahili. Tuelewane tu mapema kwamba sio nzuri kila dakika, kuna sehemu inachosha mpaka unaangalia saa, ila zile sehemu nzuri jamani, acha kabisa.

Haina stori. Usitafute staringi wala adui. Ni onyesho la jukwaani limehamishiwa kwenye filamu: wimbo, dansi, kichekesho cha dakika moja, wimbo tena, wasichana 16 wanarusha miguu kwa pamoja, alafu bendi. Miaka ile kwenye kumbi za Broadway maonyesho ya namna hii yalikuwa ndo habari ya mjini, na aliyepewa kuiongoza hii, John Murray Anderson, alikuwa fundi wa hayo mambo hasa, ndo aliyekuwa nyuma ya maonyesho ya Greenwich Village Follies kule New York. Filamu alikuwa hajawahi kuongoza hata moja. Mfalme mwenyewe ni Paul Whiteman, jamaa bonge, sharubu nyembamba kama kachorewa na kalamu, kiongozi wa okestra iliyouza sana santuri Marekani miaka ya 1920.

Mpango: sabtaito za Kiswahili, dakika 98 hivi, nimalize kabla ya Ramadhani. Mi kazi yangu ni kuediti video za harusi kwaiyo muda wangu ni Jumatatu mpaka Alhamisi usiku. Onyesho la kwanza liwe kwenye kibanda cha mjomba.

Jumamosi, Januari 10

Nimemaliza sabtaito za dakika 12 za mwanzo nikampelekea mjomba. Amekaa, amevaa miwani, ameangalia kimya. Nikamuuliza vipi mjomba, akasema "mama, mi nimekuja kuangalia, sikuja kusoma."

Na kiukweli yuko sahihi. Kwenye muvi ya maongezi unasoma mstari, unarudi usoni kwa mtu, hujapoteza kitu. Hapa ukishusha macho kusoma mashairi ya wimbo umeshapitwa na miguu, na hii kitu ni ya miguu. Alafu vichekesho vyake vingi vinaishia kwenye neno la Kiingereza lenye maana mbili, ukilitafsiri linakufa hapohapo, ukiliacha hakuna anayecheka. Nimetumia siku nzima kwenye kichekesho kimoja cha sekunde 40. Siku nzima! Kwa kichekesho ambacho hata kwa Kiingereza sijui kama kilimchekesha mtu.

Kwa wasiomjua mjomba: kuanzia miaka ya tisini mpaka simu za kioo zilipoingia alikuwa anatafsiri muvi laivu pale kibandani, enzi zilezile za kina Lufufu kule Dar. Maiki mkononi, video deki pembeni, kung fu, za Kihindi, za makomando, zote anazipitisha kwa Kiswahili na anaongeza na yake. Siku hizi kibanda kinaonyesha mpira tu na yeye amebaki kukusanya mia tatu tatu mlangoni.

Alipofika pale wasichana wanapomaliza na kichekesho kinaingia akanigeukia: "Hii sio muvi hii. Hii ni Muungano." Nikamwangalia. "Muungano, TOT, vile vikundi vya sanaa. Ulikuwa mdogo we. Unalipa kiingilio kimoja, inaanza ngoma, inakuja sarakasi, kichekesho, taarab, mpaka usiku wa manane. Hii ndo yenyewe, ila Wazungu."

Siku nzima nilikuwa natafuta Kiswahili cha hili neno lao, revue, la onyesho la namna hii, na lilikuwa limekaa hapo kwenye kiti cha plastiki.

Jumamosi, Januari 17

Sabtaito nimezifuta zote. Nisikilizeni kwanza kabla ya kunilaumu.

Nimesoma kuhusu namna filamu ilivyouzwa nje na nimegundua Universal wenyewe waligonga ukuta huuhuu mwaka 1930. Sauti ndo kwanza imeingia kwenye filamu, wana filamu ya gharama kubwa ya Kiingereza kitupu, na soko lao lipo Ujerumani, Hispania, Sweden, kote huko. Wakafanya nini? Hawakutafsiri. Kwenye toleo la Kiingereza kuna mshereheshaji, Charles Irwin, anatoka na daftari kubwa sana la kumbukumbu kama la bibi harusi, anafungua kurasa na kutambulisha vipande. Wakamtoa yeye, wakaweka mshereheshaji wa kila lugha, vichekesho vya maneno wakavitupa, nyimbo na dansi wakaacha zilivyo. Walitoa matoleo yasiyopungua tisa ya hivo. La Kihungari aliyesimama ni Bela Lugosi, yes, yuleyule ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Dracula wa kwenye filamu, yule mnyonya damu! La Kiswidi ni Nils Asther.

Kwaiyo mbinu ipo na wenye filamu ndo walioianzisha. Mi naediti harusi miaka saba, najua kabisa kwamba emsii akiwa mzuri hata keki ikianguka watu wanapiga vigelegele, na emsii akiwa mbovu hata bendi iwe nzuri vipi ukumbi unakuwa msiba. Toleo letu halitakuwa na mtafsiri, litakuwa na mshereheshaji. Na mshereheshaji ninaye.

Nimempigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama." Nikamweleza habari ya Lugosi. Kimya kidogo, alafu: "Huyo alilipwa sh'ngapi?"

Jumatano, Januari 21

Umeme hakuna tangu asubuhi. Laptopu ina asilimia 9. Kesho.

Jumapili, Januari 25

Leo ni rangi, na wenzangu mnaoediti njooni hapa karibu.

Nilidhani kopi yangu ni mbovu. Kila kitu ni cha rangi ya chungwa na kijanikijani, ngozi zinapendeza kama embe dodo, lakini anga hakuna, bluu hakuna popote, na kipande kikubwa kuliko vyote humu ni Rhapsody in Blue! Nikaingia kwenye programu nikavuta bluu juu. Nyuso zikawa za maiti. Nikavuta kwenye vivuli tu, nguo za wachezaji zikaanza kutambaa kama zina kunguni. Saa tatu nimepoteza.

Kumbe kopi haina kosa. Technicolor ya mwaka ule, yaani mfumo waliotumia kupata filamu ya rangi, ilikuwa na rangi mbili tu. Kamera inagawa mwanga unaoingia, nusu inapita kwenye chujio jekundu, nusu kwenye la kijani, kila moja inapata picha yake nyeusi na nyeupe, alafu wakati wa kuchapisha filamu ya kuonyesha wanazikandamizia wino wa rangi mbili, moja juu ya nyingine, kama wachapaji wa khanga vile. Bluu haikunaswa tangu mwanzo kwaiyo hakuna mahali pa kuivuta. Ni sawa na kutafuta chumvi kwenye chai.

Sasa Anderson na mchoraji wake wa majukwaa, Herman Rosse, walikuwa na wimbo wenye neno bluu kwenye jina na kamera isiyoona bluu. Walikaa wakajaribu vitambaa na rangi za kupaka, kimoja kimoja, mbele ya kamera, mpaka wakapata kijivu na fedha na kijani fulani kinachoegemea baharini, ukiviweka pamoja chini ya taa jicho lenyewe linajidanganya. Angalia piano ile kubwa, ile ambayo okestra nzima inatokea ndani yake na wapiga piano watano wamekaa mstari mmoja kwenye vinanda vyake, utaapa kwamba umeona bluu. Simamisha picha, weka kipimo cha rangi juu yake. Ni kijani. Nimefanya hivo mara sita na kila nikiachia icheze naona bluu tena, naanza kuwa na wasiwasi na macho yangu.

Rosse alipewa Oscar ya usanifu kwa hii kazi. Halali yake kabisa.

Kwaiyo uamuzi: rangi siigusi. Nasafisha mikwaruzo basi. Na jina la wimbo hatulitafsiri, mjomba ataingia na mstari wake mwenyewe: "Sasa mabibi na mabwana mtaonyeshwa bluu isiyokuwepo."

Jumapili, Februari 1

Tumerekodi mara ya kwanza, chumbani kwangu, magodoro mawili ukutani na moja mlangoni. Kipande: bendi inajitambulisha.

Mjomba ana tatizo moja, haachi nafasi. Ni mazoea ya kibandani, ukinyamaza sekunde tano mtu anadhani mashine imeharibika. Joe Venuti na Eddie Lang wanaanza, fidla na gitaa, wanajibizana kama majirani wawili juu ya ukuta, na yeye yuko juu yao anaeleza kwamba huyu ni fidla na yule ni gitaa. Nikasimamisha. Nikamwambia mjomba naomba, chombo kikilia wewe unanyamaza, kikinyamaza wewe unaongea. Akanuna kidogo. Tukanywa chai. Tukarudia na safari hii aliwaita majina, akasema "waacheni wasemezane," akatulia mpaka mwisho. Nilisikia vinyweleo vinasimama.

Alafu anakuja Wilbur Hall. Huyu jamaa anapiga fidla kwa mikao yote ya ajabu, ukimaliza kucheka anaiweka chini anachukua pampu ya baiskeli. Pampu kabisa, ya mkono. Anaziba tundu kwa kidole, anasukuma na kuvuta, na inatoka ile machi ya Wamarekani ya gwaride, Stars and Stripes Forever, noti kwa noti, uso mkavu kama mtu anajaza upepo kweli. Nilienda na simu kwa fundi baiskeli wetu hapo kona nikamwonyesha. Akaangalia mara mbili bila kucheka hata kidogo. "Washa yake ya ndani nzuri hiyo, ngozi. Hizi za mpira za sasaivi hazitoi hiyo sauti."

Nimeandika hiyo, mjomba anaitumia.

Bing Crosby, mwimbaji, pia yumo, filamu yake ya kwanza, ni mmoja wa vijana watatu wa kikundi cha Rhythm Boys na mtu asiyemjua hawezi kumtofautisha na wenzake. Alikuwa apewe wimbo mkubwa wa peke yake, Song of the Dawn, ila wakati wa kupiga picha akapata ajali ya gari amelewa, akawekwa ndani, wimbo akapewa John Boles. Mjomba amenitaka niongeze sekunde 15 ili asimulie hiyo vizuri. Nimemkatalia, nimempa nane.

Jambo jingine limemfurahisha: muziki wote ulirekodiwa kwanza, alafu wakati wa kupiga picha wanauchezesha wao wanajifanya wanapiga. Whiteman ndo alisisitiza, maiki za mwaka ule na kamera zenye kelele angesikika kama yuko ndani ya pipa. "Kwaiyo ni plebaki," mjomba akasema. Ndio mjomba. "Alafu wanawasema vijana wa bongo fleva."

Alhamisi, Februari 5

Nimeulizwa mara mbili wiki hii kama filamu ilikuwa hiti. Hapana, kule kwao ilikula hasara.

Ilikuwa kama kamati ya harusi iliyolipa bendi kabla ya kupata ukumbi. Whiteman na watu wake walipelekwa Hollywood mwaka 1929 kwa treni maalumu iliyolipiwa na sigara za Old Gold, wadhamini wa kipindi chao cha redio, wanafika skripti hakuna. Walikuwa wanataka kumtengenezea hadithi ya mapenzi, sasa huyo bonge na mapenzi ya kwenye filamu, wapi na wapi. Wiki zinaenda, bendi inalipwa, vijana wamenunua magari wanazunguka mji. Agosti wakarudi New York bila picha hata moja ya maana. Ndo akaletwa Anderson na wazo la kuachana na hadithi, weka jukwaa. Kazi ikaanza Novemba, ikaisha Machi 1930, bili inakaribia dola milioni mbili.

Na wakati huo kila studio ilishatoa ya kwake. MGM, Warner, Fox, Paramount, wote walishatoa onyesho lao la nyimbo na vichekesho, watu wamezichoka, na soko la hisa lilishaanguka Oktoba. Mei 2 filamu ilipoanza kuonyeshwa ukumbi wa Roxy pale New York waliongezea Whiteman na bendi yake jukwaani laivu, na George Gershwin mwenyewe, mtunzi wa Rhapsody in Blue, kwenye piano. Haikusaidia. Nje ya Marekani ndo ilipata watu, Cape Town inasemekana ilirudishwa mara 17. Mwaka 1933 Crosby akiwa ameshakuwa staa wakaikata ikabaki kama saa moja wakaitoa upya, na mkato huo ndo sababu kuna vipande vilipotea. Waliokuja kuirudisha mwaka 2016 walipokosa picha waliweka picha za mnato. Mi hizo picha za mnato nampa mjomba aongee juu yake, angalau hapo yuko huru.

Jumapili, Februari 8

Katuni.

Filamu ndo kwanza imeanza, mshereheshaji anauliza Whiteman aliupataje ufalme, inaingia katuni ya Walter Lantz, katuni ya kwanza ya Technicolor yenye sauti. Whiteman yuko Afrika anawinda. Simba anamfukuza, risasi hazimwingii, Whiteman anatoa fidla, simba analainika anaanza kucheza. Tembo anamwagia maji nyani aliye juu ya mti, nyani anarusha nazi, inamkosa tembo inampata Whiteman kichwani, nundu inaota, nundu inakuwa taji. Mfalme wa Jazz.

Sasa hapo mshereheshaji wa Kiswahili anasema nini? Lugosi kwa Wahungari hakuwa na shida, Afrika kwao ni picha tu. Mjomba anakaa Morogoro.

Tulikaa jioni nzima. Kwanza tulitaka kuiruka. Alafu mjomba akasema tukiiruka hakuna atakayejua hilo taji limetoka wapi. Akatazama tena. "Minazi na simba sehemu moja," akasema, "hii itakuwa Saadani." Na ndo hivo tumeiacha: anaitangaza kama safari ya Whiteman kwenda Saadani, anamwonea huruma simba, na nazi ikitua anasema "taji lake kapewa na nyani, mjumbe hauawi," anaendelea na mambo mengine.

Mi imenikaa hata hivyo. Mwaka 1930 Louis Armstrong yupo hai anarekodi, Duke Ellington yuko Cotton Club kila usiku, Fletcher Henderson yupo, wote weusi, wakali wa jazz. William Grant Still, mweusi, alikuwa kwenye mshahara wa Whiteman huyuhuyu mwaka 1929 akimpangia muziki wa redio. Kwenye filamu yenyewe okestra nzima ni Wazungu, na mtu mweusi ninayemwona vizuri usoni ni mtoto mdogo aliyepakatwa na Whiteman sekunde chache, anacheka. Na mfalme ni mtu ambaye jina lake la ukoo, jamani, ni Whiteman. Ukiandika hiyo kwenye igizo mwalimu anakwambia umezidisha.

Mjomba yeye anaona namaliza nguvu bure. Anasema kwake jazz ni Morogoro Jazz, ni Mbaraka Mwinshehe, na Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu 1932, huyu mfalme ana raia wake na sisi tuna wetu.

Jumamosi, Februari 14

Utangulizi wa Rhapsody. Whiteman anasimama anasema jazz ilizaliwa kwenye misitu ya Afrika kwa mlio wa ngoma za kichawi. Giza. Ngoma kubwa ya duara, juu yake mtu mmoja, Jacques Cartier, mwili umepakwa weusi unaong'aa, anacheza kwa nyayo juu ya ngoma na kivuli chake kinapanda ukutani mara tatu ya urefu wake. Alafu ile klarineti inapanda kutoka chini mpaka juu kama mtu anaamka anajinyoosha. Kwa picha ni moja ya vitu vizuri nilivyowahi kuona. Kwa maneno sasa.

Nilimwandikia mjomba: "jazz ilizaliwa Afrika kwa ngoma." Akasoma akanirudishia karatasi. "Ngoma gani?" Hawajasema mjomba. "Basi na mi siwezi kusema. Hapa Morogoro peke yake Waluguru wana zao, Wakaguru wana zao, Wapogoro wana zao. Nikisimama pale nikasema ngoma za Afrika watanizomea."

Tumerekodi alichosema yeye kwa sauti ya chini kabisa, ya kibandani kipindi cha muvi ya kutisha: "Anasema imetoka kwetu. Hakusema kwa nani." Alafu kimya hadi mwisho wa Rhapsody, dakika zote zile. Mjomba, kimya! Alishika maiki kwa mikono miwili kama mtu anajizuia.

Jumapili, Februari 22

Ramadhani. Mjomba mchana sauti imekauka kwaiyo tunarekodi baada ya tarawehe, saa nne usiku kwenda mbele. Kipande cha mabibi harusi kimekamilika: wanatoka maharusi wa zama mbalimbali, kila mmoja na gauni la wakati wake, mpaka shela inajaza ngazi zote. Nimeangalia mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Wateja wangu wangenilipa mara mbili kwa ile shela.

Happy Feet pia tayari, ile inayoanza na viatu vinavyocheza peke yake bila mtu, alafu anakuja Al Norman ambaye magoti yake sijui yameunganishwa na nini. Mjomba hapo hana la kusema zaidi ya "mfupa uko wapi?"

Alhamisi, Februari 26

Hard disk ilianza kugoma nikaipeleka kwa fundi, imerudi imefutwa. Imefutwa safi, ameniambia kabisa "nimekusafishia." Rekodi za mjomba za wiki tatu zilikuwa humo. Nilikaa kwenye daladala nikalia bila sauti.

Za bendi na katuni nilikuwa nimeziweka kwenye fleshi. Nyingine zote tunarudia.

Jumapili, Machi 1

Mwisho wa filamu: chungu. Chungu kikubwa cha kuyeyushia, na kila taifa linaingia ndani yake na muziki wake na nguo zake. Waingereza, Waitaliano, Waskoti, Waayalandi, Wahispania, Warusi, Wafaransa na wenzao. Wote wanaingia, Whiteman anakoroga, mvuke unapanda, chungu kinafunguka, inatoka jazz.

Wote wa Ulaya. Hapo kabla amesimama mbele yetu anasema imetoka Afrika, na siku ya kupika hakuna Mwafrika hata wa kuchochea kuni.

Hapa nilimwandikia mjomba hotuba. Kurasa mbili, Armstrong, Ellington, kila kitu. Akaisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa kanzu, akaniambia nichezeshe. Na alivofanya ni hivi: akawa kama mtu anayesimamia mlango wa harusi mwenye orodha mkononi. "Waingereza... wameingia. Waitaliano... karibuni. Waskoti na mabegi yenu ya upepo, pita." Kila taifa, sauti ileile ya upole. Wa mwisho akaingia. Whiteman anashika mwiko. Mjomba akasubiri. Sekunde nne, nimezipima. "Wamekwisha?" Sekunde mbili. "Haya, koroga."

Kwenye rekodi kuna adhana kwa mbali kabisa mwishoni. Nilitaka turudie, nikasikiliza tena, nimeiacha.

Jumatano, Machi 11

Taimingi. Taimingi tu. Sina la kuandika.

Jumapili, Machi 22

Onyesho lilikuwa liwe sikukuu ya Idi, kibanda kikachukuliwa na mechi. Kijana anayeshika rimoti alisema watu watavunja benchi, na sikumbishia.

Jumamosi, Machi 28

Tumeonyesha. Saa mbili usiku, projekta ya kuazima, shuka jeupe, watoto bure wakubwa mia tatu. Watu 41 mwanzoni, wamebaki 33 mpaka mwisho, na wale wanane waliondoka kwenye wimbo wa taratibu wa nusu ya kwanza ambao mimi mwenyewe nilitaka kuukata, mjomba akakataa.

Begi la mwanzo, pale Whiteman anapolifungua na wanamuziki wadogo kama vidole wanatoka wanapanda mezani, walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Saadani walicheka. Kwenye Rhapsody kulikuwa kimya, kuna mzee alisema "bluu hiyo" kwa sauti, na mjomba pale mlangoni akanikonyeza.

Pampu ilibidi nirudishe nyuma mara tatu. Fundi baiskeli alikuwa amekuja na ya kwake.

Chungu: "Wamekwisha?" Na kabla rekodi haijafika kwenye "koroga," wale vijana wa bodaboda waliokaa nyuma wakajibu kwa pamoja, "Baaado!" Mjomba aliinuka kwenye kiti chake. Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika, "Haya, koroga," ikapotelea kwenye kelele, hakuna aliyeisikia.

Ya kurekebisha: sauti ya mjomba iko juu mno kwenye klarineti ya kwanza, nishushe kidogo. Shuka lina mkunjo katikati, kila anayesimama hapo anaonekana ana ngiri. Na pale kwenye chungu naongeza sekunde tatu za kimya kabla ya "haya," ili watu wapate nafasi ya kujibu. Marudio Jumamosi ijayo kama hakuna mechi.